Mtihani wa dharura si suala la kalenda! Acheni kusogeza tarehe mkaita hiyo ndiyo maandalizi

Wakuu,

Shule zikifungwa kwa mlipuko wa ugonjwa, wanaopanga mitihani ya sekondari hukimbilia kalenda. Tarehe inasogezwa, tangazo linatoka kwamba masomo yataendelea mtandaoni, basi. Karatasi ya maswali inabaki ileile, kana kwamba kila mtahiniwa alifundishwa sawa na mwenzake. Inaudhi, maana pengo hilo linaandikwa kwenye cheti cha mtoto na hatalifuta tena.

Hayo masomo ya mtandaoni yenyewe, nani alikaa akapiga hesabu? Saa 1 ya video kwa kilobiti 500 kwa sekunde inakula megabaiti 225. Saa hiyohiyo kwa sauti tupu, kilobiti 32 kwa sekunde, haifiki megabaiti 15. Vipindi 5 kwa siku ni zaidi ya gigabaiti 1 kwa video, na kama megabaiti 72 kwa sauti. Mwanafunzi mwenye bando dogo anafukuzwa darasani na uamuzi wa mtu aliyeona kamera ndiyo ufundishaji. Sauti ikiambatana na karatasi zilizochapwa, zenye michoro na mazoezi, inafundisha vizuri, ila kwa sharti moja: zoezi la wiki hii lirudi limesahihishwa kabla ya karatasi za wiki ijayo kutoka. Lisiporudi, mwanafunzi anarudia kosa lilelile wiki sita na hakuna anayejua.

Sasa silabasi. Dawa wanayoijua ni kukata mada za mwisho. Lakini shule hazikufungwa zote zikiwa ukurasa mmoja! Kwenye kemia, moja iliishia katikati ya dhana ya moli (kipimo cha kiasi cha kemikali), nyingine ilishaimaliza. Aliyeikosa moli hawezi hesabu za molariti wala titresheni, hata ukimfutia mada tatu za mwisho. Kinachotakiwa ni kuchora mada ipi inasimama juu ya ipi, kisha kukata matawi yasiyobeba kitu na kuacha shina. Mada za msingi ziwe sehemu ya lazima. Zilizobaki ziwe maswali ya kuchagua, tuseme 8 ajibu 4, na kila swali litoke mada moja tu. Hapa watungaji wanakosea sana: wanachanganya mada mbili ndani ya swali moja, (a) huku na (b) kule, na hapo uhuru wa kuchagua umekufa. Aliyekosa mada moja kati ya hizo amepoteza swali zima.

Na jedwali la mada za lazima, za kuchagua na zilizokatwa litangazwe kabla ya madarasa kufunguliwa. Likitoka wiki tatu kabla ya mtihani, mwalimu ameshatumia muda adimu kufundisha kilichokatwa.

Kuna wenye wazo la kufupisha karatasi. Maswali 60 yawe 30, watoto watoke haraka chumbani. Mtihani wenye kipimo cha uthabiti cha 0.90 (yaani jinsi alama zinavyoaminika, 1 ikiwa kamili) ukikatwa nusu unashuka hadi takriban 0.82. Kama alama zimetawanyika kwa mkengeuko sanifu wa 15, kosa la kipimo, yaani kiasi ambacho alama ya mtoto huyumba kwa bahati tu, linapanda kutoka alama 4.7 hadi 6.4. Maana yake watahiniwa wengi zaidi waliokaa karibu na mpaka wa daraja watapata daraja lisilo lao, juu au chini. Ukitaka kufupisha, panua madaraja au punguza idadi yake. Kubaki na mipaka ileile ni kuwabahatisha watoto.

Vyumba navyo. Darasa la mita 7 kwa 8, ukiacha nafasi ya msimamizi mbele, linaingiza madawati 25 kwa umbali wa mita 1.5, au 16 kwa mita 2. Watahiniwa 240 wanahitaji vyumba 10, au 15. Kwa wasimamizi wawili kila chumba, ni watu 20 au 30. Halafu bahasha za maswali zinakuja zimefungwa kwa vyumba vya watu 40! Hapo zinafunguliwa na kugawanywa mezani, mlango wa uvujaji uko wazi, kisha analaumiwa msimamizi. Fungeni kwa idadi ya chumba kipya, pamoja na bahasha ndogo ya chumba cha wenye homa. Kipimajoto kimoja, sekunde 10 kwa mtu, ni dakika 40 za foleni. Mtoto aliyesimama juani muda huo anasomeka ana homa, kumbe ni ngozi imepata joto. Vipimajoto vitatu, kivulini, mmemaliza kwa dakika 14.

Wanaosema mtihani ufanywe nyumbani wakumbuke AP za Marekani, mitihani ya ngazi ya chuo kwa wanafunzi wa sekondari, iliyofanyiwa nyumbani Mei 2020. Mitihani mingi ilikuwa ya dakika 45. Wapo waliopiga picha majibu yao kwa iPhone, picha zikahifadhiwa kwa HEIC, aina ya faili la picha ya simu hizo, tovuti ikazikataa na muda ukaisha. Njia ya kutuma kwa barua pepe ililetwa baada ya watu kuumia.

Na wanaosema mtihani ufutwe, kanuni ya takwimu itoe alama, waangalie England. Matokeo ya A-level, mtihani wao wa kumaliza sekondari, yalitoka tarehe 13 Agosti 2020 na karibu 39% ya madaraja yalikuwa chini ya makadirio ya walimu. Matokeo ya shule ya miaka ya nyuma yalipewa uzito, hivyo mwanafunzi hodari wa shule iliyozoea kufanya vibaya alivutwa chini na matokeo ya watu asiowajua. Madarasa madogo sana yalibaki na makadirio ya mwalimu. Siku nne baadaye kanuni ikatupwa.

Alama za mwalimu zinaweza kutumika, ila zikiwa na ushahidi: kazi zilizoandikwa darasani, tarehe, mwongozo wa usahihishaji, na mwalimu wa shule nyingine akisahihisha upya sampuli bila kuona alama ya kwanza. Kazi hizo zinahifadhiwa tangu muhula wa kwanza, shule zikiwa bado wazi. Walimu wakuu mlio humu: kabati la kazi hizo lipo shuleni kwenu leo, au mnasubiri tangazo la kufunga?