Jopo limeniuliza "sampuli yako ni mafuvu mangapi?" Nimechoka

Wakuu, salamu kutoka Iringa. Nimetoka kutetea pendekezo langu la tasnifu ya uzamili na mikono bado inatetemeka kwa hasira, mnivumilie.

Nilichoomba si kikubwa. Naandika riwaya fupi, na sura za nadharia ya ubaadaukoloni, yaani fikra zinazochunguza ukoloni na alichotuachia, zinakwenda nayo bega kwa bega. Kiini chake ni fuvu la Mkwawa, mtawala wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mnaijua habari: Lugalo, 1891, akamsambaratisha Zelewski, kamanda wa Kijerumani, yule wazee wetu walimwita Nyundo. 1894 ngome ya Kalenga ikavunjwa. 1898 akajipiga risasi asikamatwe, Wajerumani wakaondoka na kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 una kifungu kabisa, cha 246, kinachotaka fuvu lirudishwe. Likarudi 1954! Na Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alilitambuaje? Kwa vipimo. Kule Bremen, Ujerumani, alipitia mafuvu yaliyohifadhiwa makumbusho, akatafuta linalokaribiana na vipimo vya vichwa vya jamaa zake Mkwawa.

Sasa yale yaliyorudishwa rafuni yalikuwa ya kina nani? Nao walizaliwa na mama zao. Msimulizi wangu ni fuvu mojawapo, lililopimwa likaachwa. Spivak, mwananadharia wa ubaadaukoloni, aliuliza mwaka 1988 kama mnyonge anaweza kusema. Mimi nampa mnyonge mdomo, halafu sura inayofuata nakiri kwamba mdomo ule ni wangu, na nauliza nimeupata kwa haki gani. Riwaya inasema, nadharia inaibana, riwaya inajibu. Utafiti wenyewe ndio huo! Ukizitenganisha, zote mbili zinakufa.

Mjumbe wa kwanza: sampuli ni mafuvu mangapi? Wa pili anataka dodoso. Nimhoji nani, marehemu? Wa tatu, mwalimu wangu tangu shahada ya kwanza, mtu ninayemheshimu sana, akaniambia riwaya niipeleke kwenye viambatisho. Viambatisho, jamani! Kule tunakoweka barua ya kibali na ramani ya mkoa. Kisha nichambue riwaya ya mtu mwingine, "iliyokwisha kuchapishwa". Hapo ndipo machozi yalipokaribia kunitoka.

Eti pia nadharia hizi "hazikai" kwenye Kiswahili. Fanon, yule mwandishi mkubwa wa kupinga ukoloni, alitafsiriwa kwa Kiswahili hapahapa Tanzania miaka ya 1970! Watu wanaofundisha fasihi ya Kiafrika hawajui, au wanajua wakanyamaza, sijui lipi ni baya zaidi.

Bibi yangu ni wa Kalenga. Alinisimulia haya kwa Kihehe, jikoni, akipepeta mahindi, na hakuwahi kutenganisha kisa na maana yake.

Nimepewa wiki mbili nirekebishe. Riwaya siitoi. Kama kuna aliyepitisha tasnifu ya namna hii chuo chochote nchini, naomba aniambie sura ya mbinu za utafiti aliiandikaje, maana hapo ndipo watakaponikaba tena.