Mjadala: "Examination was carried out", tuifute au tuiache?

Hoja: Makala za sayansi za Kiingereza zinageuza vitenzi na vivumishi kuwa nomino kupita kiasi. Mhariri azirudishe zote ziwe vitenzi na vivumishi?

Mhariri: Azirudishe. "An examination of the samples was carried out" ni maneno 8. "We examined the samples" ni 4, tena mchunguzi anajulikana. Tafuta nomino zenye miishio ya -tion, -ment, -ance na -al, halafu angalia kitenzi cha jirani. Kikiwa "perform", "conduct" au "undergo", hicho ni gamba tu, kazi yote imehamia kwenye nomino. (Ndugu yake ni "zoezi la upimaji lilifanyika" la maofisini kwetu.)

Mwanafizikia: Mtego huo utanasa "fraction", na "solution" iliyomo kwenye chupa, ambazo si vitendo, huku "growth", ambayo ni kitendo, ikipita salama. Ila linalonikera ni hilo "zote". "Conductive" (chenye kupitisha umeme) huwezi kuiwekea namba. "Conductivity" ina kipimo: shaba, kwenye nyuzijoto 20, ni takriban siemens milioni 58 kwa mita. Newton naye, katika Opticks ya 1704, alihitaji "refrangibility", yaani tabia ya mwale kuweza kupindwa.

Mhariri: Angeweza kusema mwanga wa rangi hii hupinda zaidi kuliko wa rangi ile.

Mwanafizikia: Hilo ni tukio. Yeye alikuwa anataja tabia ambayo mwale unayo hata kabla haujafika kwenye kioo.

Mhariri: Sawa, na aliifafanua kwanza, ndipo akaitumia. Wa leo wanarundika tu. "T cell killing": seli T, zile za kinga ya mwili, zinaua au zinauawa?

Mwalimu wa Kiingereza: Kama "mauaji ya askari" kwetu. Kitenzi kikigeuzwa nomino, mtenda na mtendwa wanaweza kudondoka njiani, na msomaji aliye nje ya fani hana pa kuwaokota. Kwa hiyo mara ya kwanza andika kitenzi kamili: "T cells killed the tumour cells". Sentensi inayofuata ianze na "This killing". Maneno mawili yamebeba habari yote iliyotangulia, na hoja inasonga. Ukifuta nomino hapo, utalazimika kurudia sentensi nzima. Kwenye sehemu ya mbinu, lakini, vitenzi vitawale: nani alipasha nini joto, kwa dakika ngapi.

Mhariri: Neno "zote" naliondoa. "Was carried out" haiponi.