Bakapu ya databesi: pg_dump, nakala ya faili au snapshoti? Nataka kununua diski

jedwali_moja
Wakuu habari zenu. Nina databesi ya PostgreSQL ya kazini, na wiki hii natakiwa niseme tununue diski ya ukubwa gani ya kuwekea bakapu. Njia nilizoziona ni tatu: pg_dump (inatoa data kama maelezo ya kuijenga upya), kunakili faili zenyewe, na snapshoti ya diski (picha ya diski ilivyo sekunde hiyo). Ipi bora? TB 1 itatosha?

kamba_nyeusi
Bora kwa lipi, mkuu? Toleo gani la PostgreSQL? GB ngapi? WAL, yaani daftari ambamo kila badiliko huandikwa kwanza, inazalishwa kiasi gani kwa siku? Seva ikifa saa kumi jioni, mnaweza kuvumilia kupoteza kazi ya tangu lini, na mnaweza kukaa muda gani bila huduma? Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayochagua njia. Diski inafuata baadaye.

Mzee_Bash
Mimi nasema pg_dump, mambo kwisha. `pg_dump -Fd -j 4` inatoa majedwali manne kwa mpigo. Unaweza kurejesha jedwali moja tu, unaweza kuhamia toleo jipya, na jedwali likiwa na ukurasa ulioharibika mara nyingi utapata kosa hapo hapo badala ya kunakili uozo kimya kimya. Ila usisahau `pg_dumpall --globals-only`, maana pg_dump haichukui watumiaji wala nywila zao. Wengi hurejesha majedwali yote salama, halafu programu inagoma kuingia.

jedwali_moja
Samahani kwa kuacha hayo. Toleo la 14, GB 380, seva moja ya Linux. Sasa hivi kuna skripti ya rsync inayonakili folda nzima ya data saa sita usiku kwenda mashine nyingine, databesi ikiwa hewani. Kupoteza dakika kumi tutavumilia, siku nzima hapana. WAL sijui, folda ya pg_wal nikiiangalia iko kwenye GB 1 siku zote.

kamba_nyeusi
Hapo kwenye rsync simama kwanza. Hiyo si bakapu.

PostgreSQL inaweka data kwa kurasa za kB 8, ndani ya faili zisizozidi GB 1 (16384, 16384.1, 16384.2 na kuendelea). rsync ikianza saa 6:00 ikamaliza saa 7:10, umebeba jedwali la saa sita, faharasa ya saa saba na pg_xact (kumbukumbu ya miamala ipi imekamilika) ya katikati. Faili ya pg_control nayo inaweza kutaja chekipointi (pale mabadiliko yote yalipokwisha kuandikwa kwenye faili za data) iliyo mpya kuliko baadhi ya faili ulizonazo, kwa hiyo databesi itaanza kusoma WAL kutoka mahali pasipofaa. Na ubaya wenyewe: inaweza kuwaka bila kulalamika. Kasoro unaziona wiki tatu baadaye, mistari miwili yenye ufunguo mmoja, au faharasa inayoelekeza pasipo na kitu.

Ukitaka nakala ya faili, tumia chombo chake:

`pg_basebackup -D /bakapu/msingi -Ft -z -X stream -c fast -P`

`-X stream` inachukua WAL inayoandikwa wakati nakala inaendelea. Ndiyo inayoziunganisha hizo saa sita na saa saba. Bila `-c fast` itasubiri chekipointi ifike kwa mwendo wake, na utadhani imeganda.

GB 1 ya pg_wal haikuambii kitu, faili zile zinatumika upya. Leo piga `select pg_current_wal_lsn();` uandike jibu. Kesho saa ile ile: `select pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), 'jibu la jana'));`

nukta_mkato
Mbona snapshoti mnairuka? LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski, inaichukua kwa sekunde chache hata kwa GB 380. Databesi inaiona kama umeme uliokatika ghafla, na ukiiwasha inajirekebisha yenyewe kwa WAL. Sharti ni moja: data, pg_wal na tablespace zote (folda za data zilizowekwa kwingine) ziwe kwenye volumu moja. Kama pg_wal iko pembeni, snapshoti mbili zilizopishana hata nusu sekunde ni mtego.

Mzee_Bash
Na diski ikifa, snapshoti yako iliyo ndani ya diski hiyo hiyo inaenda wapi?

nukta_mkato
Unaiunganisha kwa kusoma tu, unainakili nje, kisha unaifuta kwa `lvremove`. Usiiache, maana nafasi uliyoitengea mabadiliko ikijaa snapshoti inabatilika.

hesabu_sifuri
Kabla hamjaendelea kushindania njia, kumbukeni yaliyowapata GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, tarehe 31 Januari 2017. Wameandika wenyewe hadharani, wala si uvumi. Replika (seva ya pili inayofuata kila badiliko la seva kuu) ilikuwa imebaki nyuma, mhandisi akataka kufuta folda yake ya data ili aianze upya. Akapiga `rm -rf` kwenye seva kuu. Alistuka baada ya sekunde moja au mbili akasimamisha. Katika GB 300 hivi zilibaki GB 4.5. Wakakimbilia pg_dump: hakuna kitu. Skripti ilikuwa inatumia pg_dump ya 9.2 wakati seva ni 9.6, kwa hiyo ilikataa kila siku. Barua pepe za kuarifu kosa zilikuwa zinatumwa kweli, lakini seva ya barua ilizitupa kwa sababu ya DMARC, ukaguzi wa uhalali wa mtumaji. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Kuinakili kurudi kulichukua saa nyingi maana diski za upande ule zilikuwa za polepole.

Tazameni: pg_dump walikuwa nayo, replika walikuwa nayo, snapshoti walikuwa nayo.

Mzee_Bash
Kosa la pg_dump ya zamani si kosa la pg_dump. Toleo lake lisiwe chini ya la seva, iko kwenye mwongozo.

funguo_tatu
Mzee, yeye kasema dakika kumi. pg_dump inakupa saa ile ilipoanza, basi. Na kwa GB 380, kurejesha kunajenga faharasa zote upya. Hapo ndipo saa zinakoishia, hata ukiweka `pg_restore -j 8`. Anachohitaji ni pg_basebackup ya kila wiki pamoja na kuhifadhi WAL:

`archive_mode = on`
`archive_timeout = 300`
`archive_command = 'test ! -f /bakapu/wal/%f && cp %p /bakapu/wal/%f'`

Ya kwanza inahitaji kuzima na kuwasha seva. Ya pili inalazimisha faili ya WAL ifungwe kila dakika tano kama kuna kazi, na kila faili ni MB 16 hata ikiwa nusu tupu: kwa siku 288, yaani GB 4.5 kwa uchache. Ukiweka sekunde 60 inakuwa GB 22.5, ndipo watu wanashangaa diski inakwenda wapi.

Ya tatu ina mtego. `cp` ikikatika katikati inaacha faili pungufu, halafu `test ! -f` inakataa milele kwa kuwa jina lipo. WAL inarundikana kwenye pg_wal mpaka diski ijae na databesi isimame. Nakili kwa jina la muda kwanza, kisha `mv`. Au tumia pgBackRest, chombo cha bakapu za PostgreSQL, uachane na mateso haya.

nukta_mkato
Na ikijaa, mtu anafungua pg_wal anaanza kufuta. Zamani folda iliitwa pg_xlog, watu wakaona "log" wakafuta wakidhani ni logi za kusoma. Ndiyo maana toleo la 10, mwaka 2017, walibadilisha jina. Pg_clog nayo ikawa pg_xact.

hesabu_sifuri
Majina ni balaa. Sisi wenyewe huyu anasema bakapu, yule chelezo, mwingine nakala rudufu.

Mzee_Bash
Chelezo ni boya, kitu cha kuelea. Mimi nalipenda: meli ikizama unashika hilo.

kamba_nyeusi
Nakala rudufu ndiyo inayopotosha. Replika ni nakala, tena rudufu, na `DROP TABLE` inaifikia papo hapo.

jedwali_moja
Nimepima, GB 20 kwa siku. Kurejesha sasa kunakwendaje? Na TB ngapi?

funguo_tatu
Fungua nakala ya msingi kwenye folda tupu, mmiliki postgres, ruhusa 0700; pg_wal.tar.gz ifunguliwe ndani ya pg_wal. Kwenye postgresql.conf weka `restore_command = 'cp /bakapu/wal/%f %p'` na `recovery_target_time`, dakika moja kabla ya kosa. Tengeneza faili tupu ya `recovery.signal`, washa. recovery.conf isahau, iliondolewa toleo la 12. Ikifika wakati uliotaja itatulia ikisubiri; kagua data, kisha `select pg_wal_replay_resume();`. Na `backup_label` usiiguse hata kama databesi inagoma kuwaka. Kuna ushauri mitandaoni wa kuifuta. Ukiifuta umerudi kwenye matatizo ya rsync.

Hesabu bila kubana: nakala mbili za wiki ni 760, ya tatu ikiwa inaandikwa 1140, WAL ya siku 14 ni 280. Jumla 1420. Ongeza 380 za kujaribia kurejesha, 1800. Diski ya TB 2 kwa kompyuta ni GB 1862.

Mzee_Bash
Kwa dump ya kubanwa angenunua ndogo zaidi ya hapo.

kamba_nyeusi
Chukua TB 4. Na iwe kwenye mashine nyingine, siyo seva hiyo hiyo.

jedwali_moja
Mashine nyingine ni ile ya rsync, ina nafasi ya diski moja tu na ni ya Windows. Archive_command itaandikaje huko?

nukta_mkato
Windows! Hili ungelisema asubuhi, mkuu. Folda yake inashirikishwa kwa SMB (njia ya Windows ya kushirikisha folda), au kuna SSH (njia ya kuingia kwa mbali) juu yake?