Tupeane uzoefu: dodoso lako lilikwama wapi?

Mleta mada
Ndugu wadau, jana nilikuwa nikipanga upya makabati nikakuta boksi la madodoso yangu, yaani karatasi za maswali ya utafiti, ya miaka minane iliyopita, na nilipofungua la juu nikaona maelekezo yaliyo chini ya swali la 9: "Kama jibu ni hapana, nenda swali la 14." Siku moja kabla ya kuchapisha nakala, msimamizi wangu aliniambia nilifute swali la 6. Nililifuta, programu ikapanga namba upya yenyewe, lakini maelekezo hayo yakabaki vilevile, kwa hiyo kila aliyejibu hapana aliruka swali la 13, ambalo ndilo lililobeba dhana yangu ya tatu. Kati ya madodoso 260 niliyoyakusanya, 171 yalikuwa na pengo mahali hapo. Majaribio ya awali nilikuwa nimeyafanya kwa watu 20, ila niliyafanya kabla ya kulifuta swali hilo, nikaamini kwamba badiliko dogo halihitaji kujaribiwa tena. Nyinyi mlikwama wapi?

Kalamu Nyekundu
Pole sana, mkuu. Mimi nilisahau kugeuza alama za kauli hasi kwenye vipimo vya Likert, vile vya kuchagua kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa), yaani aliyekubali kabisa kwamba huduma ni mbaya alipewa 5 sawa na aliyekubali kabisa kwamba huduma ni nzuri. Alfa ya Cronbach, kipimo cha kama maswali ya kundi moja yanaafikiana, ikatoka hasi, na nikakaa siku tatu nikidhani programu ya takwimu imeharibika.

Mfasiri wa Usiku
Yangu ilikuwa ya lugha. Dodoso liliandikwa kwa Kiingereza, tukalitafsiri kwa haraka, na mahali palipotakiwa neno "kaya" tukaandika "familia" kwa kuwa lilionekana jepesi zaidi kwa msikilizaji. Watu wakahesabu wajomba, shangazi na watoto waliokwisha kuoa na kuhama, tukapata nyumba za vyumba viwili zenye watu 19. Swali jingine liliuliza mtu huamka saa ngapi. Wengi wakasema saa 12, msaili akaandika 12, na tarakilishi ikasoma kwamba watu hao huamka adhuhuri. Tangu hapo kila dodoso ninalotafsiri humpa mtu mwingine, ambaye hajaona lile la awali, alirudishe kwenye lugha lilikotoka, ndipo nilinganishe.

Mia Tatu na Themanini
Kwangu tatizo halikuwa maswali bali idadi. Nawashauri wanafunzi: chukueni watu 384 na hakuna mtahini atakayewasumbua.

Mtakwimu Mkorofi
Ndugu yangu, hapo unawapoteza wenzako. Idadi hiyo ya 384 inatokana na kiwango cha uhakika cha asilimia 95, kosa linalokubalika la asilimia 5, idadi kubwa ya watu, na dhana kwamba nusu yao wana sifa unayoitafuta, tena sampuli, yaani wale unaowahoji kwa niaba ya wote, iwe imechaguliwa kwa nasibu. Ukiwa na watu 1,200 tu, kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli inakupa 300. Ukitarajia kwamba watu 8 kati ya 10 ndio watakaojibu, 384 unaigawa kwa 0.8 na kuwafikia watu 480. Ukichagua mitaa kwanza, kisha kaya ndani ya mitaa, utahitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa majirani hufanana.

Mia Tatu na Themanini
Sote tumesoma, mkuu. Nilizungumzia hali halisi ya mwanafunzi asiye na fedha wala muda.

Mtakwimu Mkorofi
Hali halisi haibadilishi hesabu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na hata miongoni mwa waliopelekewa ni sehemu ndogo tu iliyojisumbua kujibu. Mtafiti wa maoni George Gallup, akiwa na sampuli ndogo kuliko hiyo kwa mbali, alimtaja mshindi sahihi.

Msimamizi wa Uwandani
Habari ya orodha imenigusa, naomba niseme jambo ambalo nimelinyamazia kwa muda mrefu. Nilikuwa nasimamia wasaili sita katika utafiti wa kaya, kila mmoja akiwa na kishikwambi, orodha ya kaya na lengo la madodoso manane kwa siku. Tulipoyajaribu, mahojiano yalichukua dakika 35 hadi 40. Usiku wa siku ya tano nikawa napitia data zilizoingia, kwa sababu tu usingizi ulinikataa, nikaona kwamba msaili mmoja, ambaye ndiye niliyekuwa nikimtolea mfano mbele ya wenzake, amekamilisha mahojiano manane kwa saa moja na dakika tano. Kifaa hunasa mahali dodoso linapojazwa, na yote manane yalijazwa mahali pamoja. Kila kaya ilikuwa na watu wanne au watano. Hapakuwa hata na mtu mmoja aliyeishi peke yake.

Asubuhi nilimfuata nikiwa nimejiandaa kumfokea. Hakukana. Alinipa orodha yake akaniomba tuzunguke pamoja. Kaya ya kwanza ilikuwa kifusi cha nyumba iliyobomolewa. Ya pili ilikuwa na kufuli, na majirani wakasema wenyewe walihama zamani. Katika ya tatu alitoka mama mmoja aliyetutazama kwa uchovu akasema kwamba ameshahojiwa mara mbili mwezi ule na hajawahi kuambiwa majibu yake yalikwenda wapi. Orodha ile ilikuwa na umri wa miaka sita, na aliyeipitisha bila kuihakiki ni mimi. Malipo nayo nilikuwa nimeyapanga kwa kila dodoso lililokamilika, kwa hiyo kaya isiyopatikana ilikuwa hasara ya msaili peke yake. Tulifuta madodoso 31, tukaorodhesha kaya upya, ratiba ikasogea kwa wiki tatu. Yeye aliondolewa kazini. Mimi nilibaki.

Kalamu Nyekundu
Aliyepika data aliondolewa kwa haki. Angeweza kukupigia simu siku ya kwanza.

Niliyewahi Kuwa Msaili
Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa ofisini, dada. Mimi nilipiga simu siku ya kwanza nikaambiwa "tumia busara", na busara niliyoitumia ilikuwa kuingia nyumba ya jirani iliyokuwa na mtu. Sikupika majibu, lakini kwa wiki mbili nilihoji watu wanaoshinda nyumbani mchana tu, na waliokwenda kazini hawakuingia katika utafiti ule. Hakuna aliyeniuliza.

Mtakwimu Mkorofi
Hilo ni baya kuliko kupika, maana halionekani. Mlikuwa na kanuni ya kurudi mara tatu, kwa siku na saa tofauti, kabla ya kuandika kwamba kaya haikupatikana?

Niliyewahi Kuwa Msaili
Ilikuwemo kwenye mwongozo. Nauli ya kurudi ndiyo haikuwemo.

Mfasiri wa Usiku
Lipeni kwa siku, si kwa dodoso.

Msimamizi wa Uwandani
Nilihamia huko, nikapata wasaili wanaomaliza madodoso mawili kwa siku. Sasa nalipa kwa siku na kuweka lengo, na kila jioni mtu mwingine huipigia simu kaya moja kati ya kumi akiuliza maswali matatu tu: kama walitembelewa, mahojiano yalichukua muda gani, na wanaishi wangapi. Wasaili huambiwa tangu siku ya mafunzo kwamba simu hizo zitapigwa, na wahojiwa huombwa ridhaa yao wakati wa kutoa namba.

Mia Tatu na Themanini
Kwa hiyo mwanafunzi anayekusanya data peke yake ajipigie simu mwenyewe?

Naingia Uwandani Jumatatu
Samahanini wakubwa zangu, nimesoma mjadala wote nikiwa na wasiwasi. Nina wasaidizi wawili, kibali cha kamati ya maadili kimetoka, na nakala 300 zimeshachapishwa. Je, siku moja ya mafunzo inatosha?

Kalamu Nyekundu
Siku moja inatosha kama dodoso ni fupi.

Msimamizi wa Uwandani
Haitoshi. Siku ya pili wahojiane wao kwa wao, na ya tatu waende kwenye kaya zisizo katika sampuli yako, nawe ukae nyuma usikilize bila kuwasaidia.

Mleta mada
Kabla ya hayo yote, mdogo wangu, chukua kalamu usiku huu ufuate kila "nenda swali la" hadi mwisho, kwanza kama mtu aliyejibu ndiyo kila mahali, kisha kama aliyejibu hapana.

Naingia Uwandani Jumatatu
Nimefanya hivyo. Swali la 17 linamwelekeza aliyejibu hapana aende swali la 22, na dodoso langu lina maswali 21.