Mbio za alfajiri zinanikosesha kazi, nifanyeje?

Mpiga_Mbio_Malindi: Assalam aleikum ndugu zangu. Nina miaka 36, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi, kazi ya kusimama na kubeba kutwa. Mwaka jana mgongo ulinilaza nyumbani siku 12. Januari nikaanza kukimbia kabla ya kazi: natoka Silversands kwa ufuoni hadi Casuarina, narudi kwa barabara. Mgongo umetulia, usingizi umerudi. Lakini tangu Machi ugoko wa kushoto umenikosesha kazi mara tatu, siku 5 kwa jumla. Tajiri kanambia mbele ya wenzangu nichague, mbio au kazi. Ukihesabu siku, nimepungua kukosa. Yeye asema mgongo ulikuwa ugonjwa, haya nimejitakia mwenyewe, na neno hilo limeniuma. Nina watoto wawili. Niache?

Bi_Mwanakombo: Waaleikum salaam mwanangu. Je, ulipeleka karatasi ya daktari? Nimesimamia wafanyakazi hotelini miaka mingi, wengi huponzwa na hapo. Sheria ya Ajira ya 2007 yakupa, ukishatimiza miezi miwili kazini, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Lakini lazima umjulishe mwajiri mapema, na uwe na cheti. Kukosa bila ruhusa wala sababu halali ni kosa la kufutwa papo hapo. Usimpe nafasi hiyo.

Mpiga_Mbio_Malindi: Nilituma ujumbe tu, mama. Karatasi sikuchukua.

Bi_Mwanakombo: Basi nenda kesho, usingoje maumivu yarudi.

Dawa_ya_Viungo: Usiache. Uholanzi walishawachunguza wafanyakazi wakaona wanaofanya michezo hukosa kazi kwa ugonjwa mara chache kuliko wasiofanya. Tatizo lako ni kipimo. Ulianza na muda gani, na sasa unakimbia muda gani?

Mpiga_Mbio_Malindi: Dakika 20 mara tatu kwa wiki. Kufika Machi, saa nzima kila siku.

Dawa_ya_Viungo: Mfupa haukui kwa kasi ya pumzi. Pumzi huzoea kwa wiki chache, mfupa wataka miezi, ndiyo maana ulijiona una nguvu. Pumzika mpaka utembee bila maumivu, kisha rudi kwenye zile dakika 20. Na ukibonyeza ugoko ukapata mahali pamoja panapouma sana, au ukiuma hata umelala, omba eksirei, huenda mfupa umeanza kupasuka. Hali hiyo usikimbie nayo.

Mtoto_wa_Mvuvi: Mimi nauliza bahari. Wakimbia saa ngapi?

Mpiga_Mbio_Malindi: Saa kumi na moja alfajiri.

Mtoto_wa_Mvuvi: Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inapojaa na kupwa sana, maji hujaa kwenye saa kumi hivi. Ukitoka wewe hayajapwa, umebakiwa na mchanga laini wa juu, ule wa mteremko. Ukielekea Casuarina bahari iko kushoto kwako, basi mguu wa kushoto ndio wa chini njia nzima. Maji mafu, siku za katikati bahari inapojaa na kupwa kidogo, ni kinyume, alfajiri yamepwa na mchanga ni mgumu. Tazama ulikosa kazi mwezi ukiwa vipi.

Mpiga_Mbio_Malindi: Nimetazama kalenda ya msikitini. Mara mbili kati ya tatu mwezi ulikuwa umeandama siku mbili tatu nyuma. Sikuwahi kuliwaza hili, Mungu akulipe. Daktari kanibonyeza, hakuna mahali pamoja panapouma, kaniandikia wiki mbili bila mbio. Karatasi nimempa tajiri mkononi, kaisoma yote, kaitia kwenye faili. Nikianza tena bamvua itakuwa imerudi, kwa hiyo nitapita barabarani, dakika 20.

Bi_Mwanakombo: Nakala yake weka nyumbani.