Acheni kushangilia tetesi za "Microsoft inamnunua fulani": zihesabuni kwanza studio zilizozikwa

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Kila wiki lazima uje uzi mpya humu kuwa kampuni kubwa inanunua kampuni ya gemu: Microsoft inaichukua Sega, Amazon inamalizana na EA, Apple yupo mezani na nani sijui, Valve anafuata. Ukiuliza chanzo unaletewa picha ya skrini ya akaunti isiyo na jina. Halafu chini yake watu wanashangilia kama dirisha la usajili limefunguliwa na klabu yao imeshusha mshambuliaji wa maana. "Tumewachukua!" Mmemchukua nani? Mchezaji akisajiliwa, wikiendi unamwona uwanjani. Studio ikinunuliwa na hizi kampuni, mara nyingi unaisikia tena siku inapofungwa.

Sisemi tetesi zote ni za kutunga. Septemba 2023 zilivuja nyaraka za kesi ya FTC, tume ya biashara ya Marekani, dhidi ya Microsoft. Humo kulikuwa na barua pepe ya Agosti 2020 ambamo Phil Spencer, aliyekuwa bosi wa Xbox, kitengo cha gemu cha Microsoft, anasema kuipata Nintendo kungekuwa tukio kubwa kabisa katika maisha yake ya kazi. Novemba mwaka huohuo alimwandikia Satya Nadella, mkuu wa Microsoft, akiomba ruhusa ya kuifuata Sega. Kwa hiyo hamu ya kununua ipo kweli. Lakini sababu aliyoitoa ni ipi? Kwamba Sega ingesaidia kuikuza kwa kasi Game Pass, huduma ya Microsoft ya kulipia kwa mwezi ili ucheze gemu nyingi. Hapo ndipo tatizo langu lote lilipo. Mnunuzi wa namna hii anatafuta kitu cha kujazia biashara yake nyingine, na siku hiyo biashara nyingine ikibadilika, gemu iwe nzuri iwe mbaya, watu wanakwenda nyumbani.

Mnataka mifano? Tuanze na Rare, kwa sababu vijana wengi humu hawajui Rare ilikuwa nini. Hao ndio waliotengeneza GoldenEye 007 mwaka 1997, Banjo-Kazooie 1998 na Perfect Dark 2000. Watu wa pale Twycross, Uingereza, walikuwa wanaifanya Nintendo 64 ionekane mashine ya miujiza. Mwaka 2002 Microsoft ikawanunua kwa dola milioni 375. Banjo mpya ya mwisho ilitoka 2008. Toka hapo kimya. Nakubali walitoa Sea of Thieves mwaka 2018 na bado inachezwa, heshima kwao. Lakini gemu yao nyingine, Everwild, ilitangazwa 2019, tukasubiri miaka yote hiyo, na Julai 2025 ikafutwa.

Perfect Dark ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka 2018 Microsoft ilianzisha studio mpya kabisa huko California, The Initiative, ikakusanya watu wenye majina. Desemba 2020 wakatangaza kuirudisha Perfect Dark. Watu tukafurahi kweli. Julai 2025 gemu ikafutwa na studio ikafungwa, katika wimbi la takriban watu 9,000 walioachishwa kazi Microsoft nzima. Kampuni hiyohiyo mwanzoni mwa mwaka ilikuwa imetangaza kutumia takriban dola bilioni 80 kwa mwaka wake wa fedha kujenga vituo vya data vya akili mnemba. Pesa ipo, tena ya kumwaga. Ila wewe mpenzi wa Perfect Dark haumo kwenye hesabu hiyo.

Sasa Tango Gameworks, na hapa naomba mtu yeyote anitetee hao mabosi kama anaweza. Tango ni studio ya Tokyo, iliingia mikononi mwa Microsoft iliponunua ZeniMax, kampuni mama ya Bethesda, kwa dola bilioni 7.5, ununuzi uliotangazwa 2020 na kukamilika Machi 2021. Januari 2023 wakatoa Hi-Fi Rush bila tangazo la awali, gemu ya mapigano inayokwenda na mdundo wa muziki, kila kitu kwenye skrini kinapiga pamoja na ngoma. Watu wakaipenda. Kiongozi wa masoko wa Xbox mwenyewe akasema hadharani kuwa imefanya vizuri katika kila kipimo chao. Ikachukua tuzo ya usanifu wa sauti The Game Awards, ikachukua tuzo ya BAFTA ya uhuishaji. Mei 2024 Tango ikafungwa. Kesho yake, kwa mujibu wa The Verge, Matt Booty, aliyekuwa anasimamia studio za Xbox, akawaambia wafanyakazi kwenye kikao kuwa kampuni inahitaji gemu ndogo zinazoleta heshima na tuzo. Siku moja tu baada ya kuwafukuza watu waliofanya hilohilo! Hao watu wangefanya nini zaidi? Ikabidi Krafton, kampuni ya gemu ya Korea Kusini, waje Agosti mwaka huo kuiokoa timu pamoja na Hi-Fi Rush. The Evil Within, gemu iliyowajengea jina, ikabaki Microsoft.

Siku hiyohiyo ya Mei ilifungwa Arkane Austin, waliotengeneza Prey ya 2017. Najua mtasema gemu yao ya mwisho, Redfall, ilikuwa mbovu. Ilikuwa mbovu, sibishi. Lakini wale walikuwa mabingwa wa gemu za mchezaji mmoja, na wakawekwa kutengeneza gemu ya kufyatuana kwa kundi mtandaoni. Ilipoanguka, waliofungiwa mlango ni watengenezaji.

Na hii tabia ni ya zamani. Ensemble, wababa wa Age of Empires, walinunuliwa 2001, wakafungwa 2009. Lionhead ya Fable ilinunuliwa 2006, ikafungwa 2016. Google ilinunua Typhoon Studios mwishoni mwa 2019 kwa ajili ya Stadia, huduma yake ya kucheza gemu kwa mtandao, ikafunga studio zake za ndani Februari 2021, na Stadia yenyewe ikazimwa Januari 2023. Meta ikanunua Ready at Dawn 2020, ikaifunga 2024. Kampuni tofauti, mwisho uleule.

Halafu mwenzangu mmoja humu wiki iliyopita akasema kununuliwa kwa Activision, wenye Call of Duty, ndiyo uthibitisho kuwa Xbox "imeshinda". Dola bilioni 68.7. Ilitangazwa Januari 2022. FTC wakaenda mahakamani, jaji akakataa kuzuia. CMA, mamlaka ya ushindani ya Uingereza, ikazuia kwanza, mpaka Microsoft ikakubali haki za kurusha gemu za Activision kwa mtandao ziende Ubisoft. Ununuzi ukakamilika Oktoba 13, 2023. Januari 2024, hata miezi minne haijaisha, watu 1,900 wa kitengo cha gemu wakatolewa. FTC wakaiandikia mahakama ya rufaa kuwa hilo linapingana na kauli ya Microsoft kwamba Activision ingejiendesha yenyewe. Microsoft ikajibu kuwa Activision ilikuwa na mpango wa kupunguza watu hata kabla ya kununuliwa. Sawa. Septemba mwaka huohuo wakaondoka wengine 650. Na hao je, nao walipangwa na nani?

Twendeni kwenye mfuko wako sasa, maana naona machozi ya wafanyakazi hayawagusi. Game Pass Ultimate ilipoanza 2019 ilikuwa dola 14.99 kwa mwezi. Ikaja 16.99. Ikaja 19.99. Oktoba 2025 ikawa 29.99. Hapo bei ikawa maradufu ya ile ya mwanzo. Na hapo kati ndipo walipoinunua Bethesda, ndipo walipoinunua Activision, na kila mara tuliambiwa mchezaji ndiye atakayefaidika. Starfield, gemu ya Bethesda, ilipotoka Septemba 2023, mwenye PS5 ya Sony aliambiwa akanunue mashine nyingine. Nionesheni faida iliyomfikia mchezaji.

Wa hapa nyumbani msijione mpo mbali na haya. Nenda kibanda chochote cha gemu, iwe Mbagala au Eastleigh, utakuta FC, gemu ya mpira, inachezwa. Angalia simu za vijana kwenye daladala, Call of Duty Mobile imo. Call of Duty sasa ni mali ya Microsoft kupitia Activision. Na EA, mwenye FC? Septemba 2025 ilitangazwa kununuliwa kwa dola bilioni 55 na mfuko wa uwekezaji wa taifa wa Saudi Arabia ukishirikiana na kampuni za uwekezaji Silver Lake na Affinity Partners, na kati ya hizo bilioni 20 ni mkopo. Mkopo unalipwa na nani, mnadhani? Mwenye kibanda anayetoza kwa mechi ndiye atakayeanza kuona gemu mpya imepanda bei, na kadi za wachezaji ndani ya gemu zinavuta pesa kuliko mwaka jana.

Na tetesi zenyewe zina wanaonufaika. Agosti 2022 habari ikasambaa kuwa Amazon inatoa ofa kwa EA. Hisa zikaruka. Muda mfupi baadaye CNBC ikaripoti kuwa hakuna ofa. Mwenye hisa aliyewahi kuuza asubuhi ile alikula vizuri. Wewe uliyesambaza kwenye magrupu ya WhatsApp ulipata nini?

Ili nisionekane nina chuki: Mojang, watengenezaji wa Minecraft, ilinunuliwa na Microsoft 2014 kwa dola bilioni 2.5 na Minecraft ipo hai mpaka leo. Double Fine walinunuliwa 2019 na wakasema pesa ile iliwawezesha kurudisha mapambano na maadui wakubwa waliyokuwa wameyakata kwenye gemu yao Psychonauts 2. Nawapongeza. Lakini Minecraft ilikuwa tayari inauza kuliko karibu kila gemu duniani kabla ya kununuliwa. Ukiwa na mgodi wa dhahabu hakuna anayekufunga. Hoja yangu ni hao wengine wenye gemu nzuri ya kawaida, inayouza vya kutosha, inayopendwa. Peke yao au chini ya mchapishaji mdogo wangeweza kuishi na mauzo hayo. Ndani ya kampuni ya matrilioni, mauzo hayohayo ni makombo.

Kwa hiyo ombi langu kwa mods, wasimamizi wa jukwaa: uzi wowote wa "fulani ananunuliwa" usio na chanzo chenye jina ufutwe. Na kwa wewe unayekuja kunijibu kuwa mimi ni shabiki wa Sony, nakuambia mapema: Sony waliinunua Firewalk Aprili 2023, gemu yao Concord ikatoka Agosti 2024, ikazimwa Septemba 6, na studio ikafungwa Oktoba. Nao wamo kwenye lawama hizi.

Anayebisha aje na jina la studio, mwaka iliponunuliwa, na gemu zilizotoka baada ya hapo. Mimi nimeweka zangu.