Obitali za d ni 5 au 6? Mimi na mwenzangu tumepata majibu mawili

BintiKatuba

Jambo wote. Niko Lubumbashi, nasoma kemia, niko kwenye kazi ya mwisho wa masomo. Nimechagua shaba (hapa kwetu ungechagua nini kingine?): ioni ya Cu²⁺ iliyozungukwa na molekuli 6 za maji, ile buluu ambayo kila aliyewahi kuyeyusha salfati ya shaba anaijua.

Mimi na mwenzangu tumehesabu nishati yake. Umbo lilelile, bazi (seti ya funksheni za kujengea obitali, yaani mahali elektroni zinapokaa) yenye jina lilelile, ila programu mbili tofauti. Tunahesabu usiku, maana mchana umeme huku Katuba ni bahati nasibu. Asubuhi namba hazifanani: yake iko chini ya yangu kidogo. Tumekagua mara tatu. Tofauti pekee niliyoona kwenye faili ni kwamba kila kundi la d kwangu lina funksheni 5, kwake 6. Asistani anasema mmoja wetu amekosea, ajitambue kabla ya Jumatatu.

Nimekaa na karatasi. Zidisha x, y, z mbilimbili: x², y², z², xy, xz, yz. Ni 6 kweli! Sasa kwa nini tangu sekondari tunakariri 5? Ya sita imekwenda wapi? Darasani tulipitishiwa "hamoniki solidi" kwa ubao mmoja tu, nikadhani ni habari za fuwele, sikuandika kitu.

FundiNamba

Hakuna aliyekosea, mdogo wangu. Mwambie asistani hivyo, ila kwa heshima.

Ya sita haijapotea, imejificha ndani ya zile tatu za mwanzo. Jumlisha x² + y² + z², unapata r², r ikiwa umbali kutoka katikati. Hiyo ukiigeuza upande wowote ni ileile, mviringo kama donge la bukari (ugali). Kitu kisicho na mwelekeo si d. Ni s, obitali ya mviringo, iliyovaa koti la d.

Mtihani wake ni mlinganyo wa Laplace: chukua derivati ya pili kwa x, kwa y na kwa z, jumlisha, jibu liwe sifuri. xy inapita, na xz na yz pia. x² − y² inatoa 2 − 2, inapita. 2z² − x² − y² inatoa 4 − 2 − 2, inapita. r² inatoa 2 + 2 + 2, yaani 6. Imeanguka. Polinomia zinazopita ndizo hamoniki solidi, na kwa daraja l (kipeo cha polinomia: 0, 1, 2, 3) zipo 2l + 1: s moja, p tatu, d tano, f saba. Ingekuwa zinahesabiwa zote 6, kila moja na elektroni zake 2, katikati ya jedwali la elementi kungekuwa na safu 12 badala ya 10, na shaba yako ingekaa pengine kabisa.

Mawe na fuwele hayamo. Thomson na Tait, katika kitabu chao cha 1867, walitenganisha hamoniki za uso, zinazokaa juu ya tufe tu, na hizi solidi zinazojaza nafasi yote. Chukua hamoniki ya tufe (ile ya uso), izidishe kwa rˡ, basi.

Turudi kwenye faili zenu. Programu nyingi hutumia Gausiani (funksheni za umbo la kengele), na kuzidisha x, y, z mbele ya Gausiani ni rahisi, ndiyo maana nyingine zinabaki na 6. Bazi ya 6-31G* kwa desturi huenda na d 6; zile za ukoo wa cc-pVDZ huenda na 5. Mwenzako ana zako zote tano, na juu yake ana s ya ziada kwa kila kundi. Mwenye funksheni zaidi ana uhuru zaidi wa kushusha nishati, kwa hiyo yake lazima iwe chini. Chagueni 5 wote wawili au 6 wote wawili. Katika programu nyingi ni neno moja tu kwenye faili ya kuanzia.

Mpitanjia

Samahani kuingilia. Hizo d nne zinafanana kama majani ya ua. Kwa nini ile ya 2z² ina pete kiunoni, kama imetoka familia nyingine?

FundiNamba

Imetoka nyumba ileile. Andika x² − y², y² − z², z² − x². Zote tatu zingekuwa majani manne, lakini ukizijumlisha unapata sifuri, maana yake mbili tu ndizo huru. Tunabaki na x² − y², na nyingine tunaitengeneza kwa (z² − x²) + (z² − y²). Pete ni alama ya mshono huo.

JometaWaMgodi

Nacheka kwa sababu hamoniki hizihizi zimewahi kunikosesha usingizi, na mimi kemia niliiacha sekondari. Mwaka wangu wa kwanza mgodini kama jometa (mpima ardhi) niliandika urefu wa alama moja kama GPS ilivyonipa, ukapishana kwa mita kadhaa na ule wa ramani ya zamani. Mkubwa wangu akauliza kama nimepima nikiwa juu ya mti. GPS inapima kutoka kwenye duaradufu laini. Ramani inapima kutoka kwenye geoidi, ambako maji yangetulia. Kati ya hizo mbili kuna modeli ya uvutano, na modeli hiyo ni hamoniki solidi mwanzo hadi mwisho.

Nje ya dunia hutumii rˡ, ingelipuka ukienda mbali. Unatumia dada yake, hamoniki ya tufe ukigawa kwa r kwa kipeo l + 1. EGM96, modeli moja ya uvutano wa dunia, inafika daraja la 360. Jumlisha 1 + 3 + 5 hadi hapo, unapata 361 kwa mraba: koefisienti zaidi ya 130,000. EGM2008, iliyofuata, imekamilika hadi 2159, hiyo hesabuni wenyewe.

Kipeo hicho ndicho kilichoishusha setilaiti ya GOCE, ya kupima uvutano wa dunia, iliyorushwa 2009, hadi kilomita 255 hivi. Hata hapo chini, daraja la 2 bado lina asilimia 89 ya nguvu yake, lakini la 200 limebaki na chini ya sehemu 4 kati ya 10,000. Mabonde madogo yanafifia haraka. Ukipanda juu zaidi unabaki na dunia iliyobonyea tu.

BintiKatuba

Aksanti sana yaya, na wewe baba jometa. Usiku huu umeme ulikaa hadi saa nane. Tumeweka 5 pande zote mbili na namba zinafanana hadi desimali ya sita.

Nimejaribu f mwenyewe: polinomia 10, hamoniki 7, zinabaki r²x, r²y, r²z. Hizo tatu ni p, sivyo?

FundiNamba

Ndizo.